Mtoto Asomaye Asichokielewa

Miongoni mwa barua tulizopokea juma hili imo moja iliyotoka Masaka. Kabla hatujaijibu yafaa tuseme ni Masaka ipi, kwa maana walio wengi wakilisikia jina hilo hukumbuka mji wa Uganda ulioko katika barabara ya kutoka Kampala kwenda Mbarara. Masaka tunayoisema sisi ni sekta ya wilaya ya Kicukiro, upande wa mashariki wa jiji la Kigali, yenye Rusheshe, Mbabe, Ayabaraya na Gako ndani yake. Na hiyo Gako nayo, wanajeshi wasije wakachanganyikiwa, siyo ile ya Bugesera kilipo Chuo cha Kijeshi. Zamani palikuwa mashamba. Siku hizi nyumba zinajengwa bila kupumzika, na wasomaji wetu ni miongoni mwa waliohamia huko.

Aliyetuandikia ni mke wa askari ambaye mumewe yuko kazini nje ya nchi. Binti yao mkubwa yuko darasa la tano. Katika madarasa ya chini alikuwa mtoto wa kusifiwa, lakini tangu alipoingia darasa la nne alama zake za sayansi na za hesabu zimekuwa zikiporomoka muhula hata muhula. Kinyarwanda anakisoma vizuri. Kiswahili anakisema pia, kwa sababu baba yake alikulia Tanzania na hiyo ndiyo lugha ya utani katika nyumba yao. Jirani amemshauri bibi huyu apige marufuku Kinyarwanda na Kiswahili nyumbani, watoto waseme Kiingereza tu, na atakayeteleza anyimwe chai. "Je, nifanye hivyo," anauliza, "nami mwenyewe Kiingereza changu ni cha kuombea maji?"

Jibu letu la kwanza ni fupi: asifanye. Jibu la pili ni refu kidogo, nalo halimhusu yeye peke yake, kwa sababu nyumba zenye mtoto wa darasa la nne, la tano au la sita ni nyingi, na shauri la jirani huyo limekwisha kuingia katika nyingi kati ya hizo.

Tuanze na jinsi tulivyofika hapa. Kwa miaka mingi lugha ya kigeni iliyotawala katika shule za Rwanda ilikuwa Kifaransa. Baada ya mwaka 1994 walirejea Wanyarwanda waliokuwa wakiishi Uganda, Tanzania na Kenya, wakaja na Kiingereza chao. Mwezi Oktoba 2008 Baraza la Mawaziri liliamua masomo yafundishwe kwa Kiingereza, na utekelezaji ukaanza mwaka 2009. Mwaka 2011 madarasa matatu ya kwanza yakarudishiwa Kinyarwanda, Kiingereza kikaanzia darasa la nne. Kisha Desemba 2019 Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba Kiingereza kianzie darasa la kwanza, Kinyarwanda kikibaki kuwa somo. Miezi michache baadaye, Machi 2020, ugonjwa wa korona ukazifunga shule, na hazikuanza kufunguliwa tena ila Novemba. Msomaji atakayeyapanga matukio hayo kwa mstari ataona kwamba walimu wengi walifunzwa kazi kwa Kifaransa, wakaambiwa wafundishe kwa lugha waliyokuwa wakijifunza wenyewe wakati wa likizo, na wakabadilishiwa utaratibu mara mbili tena kabla hawajatulia. Tunalisema hili ili mzazi aendapo shuleni asiende na hasira.

Uamuzi wenyewe haubishaniwi katika ukurasa huu. Serikali imekwisha kuamua, na mtoto wa darasa la tano hawezi kungoja wakubwa wamalize mjadala: katika masomo 5 atakayotahiniwa mwisho wa darasa la sita, yote yatamjia kwa Kiingereza isipokuwa Kinyarwanda peke yake. Walakini lugha isemwayo jikoni na mezani jioni haikuamuliwa na Wizara yoyote. Hiyo ni mali ya baba na mama, na yaweza kumjenga mtoto au kumbomoa.

Sasa tutazame kinachompata mtoto afikapo darasa la nne. Katika madarasa ya chini kitabu huwa na picha kubwa na sentensi fupi, na mwalimu husema jambo kwa Kiingereza, akaona nyuso zimeduwaa, akalirudia kwa Kinyarwanda. Mtoto mwepesi hukariri. Aweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri, kila neno mahali pake, na mzazi akafurahi, kumbe hajui hata robo ya alichokisoma. Darasa la nne picha hupungua. Sentensi hurefuka, aya huwa tatu au nne, na kitabu cha sayansi huanza kudai mtoto apate humo maarifa ambayo hakuyasikia kwa mwalimu. Hapo ndipo sauti nzuri inapokoma kuwa na faida. Mtoto huyo hakuharibika darasa la nne. Alikuwa akisoma asichokielewa tangu zamani, ila hakuna aliyekuwa na haja ya kujua.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kupima, na kipimo hiki hakihitaji mzazi ajue Kiingereza. Mpe mtoto ukurasa mmoja wa Kinyarwanda ambao hajapata kuusoma. Asome mara moja, afunge kitabu, akusimulie. Kama hasimulii, basi ugonjwa si Kiingereza. Mtoto hajajua kusoma, na dawa ianzie hapo, katika lugha anayoielewa, hata kama yuko darasa la sita na aone haya. Kama anasimulia vizuri, mpe ukurasa wa Kiingereza wa darasa lake, asome, afunge, na akusimulie kwa Kinyarwanda au Kiswahili. Tofauti baina ya masimulizi hayo mawili ndiyo kazi iliyo mbele yenu. Binti wa barua yetu, kwa maelezo ya mama yake, yumo katika kundi hili la pili, na hiyo ni heri kubwa, maana kusoma anakujua tayari. Kilichobaki ni kuuhamisha ujuzi huo kutoka lugha moja hadi nyingine.

Jirani atasema: haya ni maneno ya kumbembeleza mtoto, njia ya kujua Kiingereza ni kusema Kiingereza. Basi asikilize habari ya Ile-Ife, Nigeria. Mwaka 1970 Profesa Babs Fafunwa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ife walianzisha mradi ambamo watoto wa shule ya msingi walifundishwa masomo yote kwa Kiyoruba kwa muda wa miaka sita, na Kiingereza wakakipata kama somo kutoka kwa mwalimu aliyekijua sawasawa. Watu wengi walitabiri kwamba watoto hao wangeachwa nyuma. Walipopimwa na wenzao waliosomeshwa kwa Kiingereza, hawakuwa nyuma, hata katika Kiingereza chenyewe. Hatusemi kwamba Masaka iige Ife. Utaratibu wetu ni mwingine. Tunachosema ni kwamba lugha ya nyumbani haikuwaibia watoto wale Kiingereza.

Nchi jirani nazo zimelihangaikia jambo hili kila moja kwa njia yake. Uganda mwaka 2007 ilirudisha lugha za mahali katika madarasa matatu ya mwanzo, na darasa la nne likawekwa kuwa mwaka wa kuvuka kuingia Kiingereza. Zanzibar, katika sera yake ya elimu ya mwaka 2006, ilipanga hesabu na sayansi zianze kufundishwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Tanzania Bara mtoto wa shule ya serikali husoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, kisha huukuta Kidato cha Kwanza ukuta uleule ambao wetu huukuta mapema. Popote uuwekapo, ukuta upo, na apandaye kwa ngazi hupita kuliko asukumwaye.

Ama kuhusu kunyimwa chai, desturi hiyo ina historia mbaya. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na ukoloni, alieleza jinsi mtoto wa Kikuyu aliyekamatwa akisema lugha ya mama yake shuleni alivyochapwa au kuvikwa kibao cha chuma shingoni chenye maneno ya kumdhihaki. Vibao vya namna hiyo vimeonekana Kenya na Uganda hata baada ya uhuru. Matokeo yake kila mwalimu mkweli anayajua: mtoto hajifunzi kusema Kiingereza, anajifunza kunyamaza. Na nyumba ambamo mtoto amenyamaza, huku baba yuko mbali, si nyumba ambayo mama ataweza kujua kinachomsumbua mwanawe, si katika masomo wala katika jambo jingine.

Tuje sasa katika kazi yenyewe. Kinyarwanda na Kiswahili ni lugha za uaminifu: herufi a husomeka a, leo na kesho. Kiingereza siyo. Herufi hiyohiyo a hutoa sauti moja katika "cat", nyingine katika "cake", nyingine katika "car", nyingine katika "call", na nyingine tena katika "many". Herufi nyingine huandikwa zikakaa bure, kama k ya "knife", w ya "write" na l ya "walk". Mtoto anayekwama hapo si mjinga, bali anaiamini herufi kama alivyofundishwa. Aambiwe waziwazi kwamba lugha hii yataka jicho likumbuke umbo la neno zima, na kwamba hata watoto wa Kiingereza wenyewe huhangaika nalo kwa miaka. Maneno kumi ya hila yaandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi, yabandikwe ukutani karibu na mahali pa kulia chakula, na kila Jumamosi yabadilishwe.

Matamshi nayo yana mitego yake. Lugha zetu hupenda neno liishe kwa irabu, basi mtoto huongeza irabu isiyokuwepo, "book" ikawa "buku". Hilo ni dogo. Kubwa zaidi ni l na r, ambazo msemaji wa Kinyarwanda aghalabu huzichanganya bila kusikia tofauti, na katika Kiingereza mchanganyiko huo hubadili maana: "rice" ni mchele, "lice" ni chawa, na hakuna apendaye kuandikiwa kwamba chakula cha mchana kilikuwa chawa.

Hapa ndipo Kiswahili cha baba, kile ambacho jirani anataka kipigwe marufuku, kinapokuwa mwalimu wa bure. Kiswahili hutenganisha kula na kura, mahali na mahari. Mtoto aliyezoea kuyatenga maneno hayo kwa kinywa chake amekwisha kupata nusu ya "rice" na "lice". Vivyo hivyo th na dh. Anayetamka thamani na dhahabu sawasawa, bila kusema samani wala zahabu, tayari anazo sauti za "think" na "this" ambazo wenzake huzitafuta kwa taabu. Tangu mwaka 2017 Kiswahili kimekuwa mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, na wasomaji wetu wanajeshi wanajua zaidi ya wengine thamani yake. Walipopelekwa Cabo Delgado, Msumbiji, mwaka 2021, ni Kiswahili kilichowawezesha kuongea na wengi wa wenyeji. Kumnyang'anya mtoto lugha ya namna hiyo ati apate nyingine ni sawa na kuuza jembe ili kununua mbegu.

Liko kosa jingine ambalo wazazi husikia bila kujua chanzo chake: "My mother, he is at home." Watu hucheka. Lakini Kinyarwanda na Kiswahili havimtengi mwanamume na mwanamke katika kitenzi. Baba anakuja, mama anakuja, a- ni ileile. Kiingereza kinataka "he" kwa baba na "she" kwa mama, kila mara, bila msamaha. Dawa yake ni mchezo. Wakati wa kupakua chakula mtu mmoja ataje jamaa: shangazi, mjomba, babu, mwalimu wa darasa, mtoto ajibu upesi "he" au "she". Juma moja la mchezo huo hufanya zaidi ya kurasa kumi za daftari.

Tuliyoyasema hadi sasa ni ya kinywa na jicho. Kinachomwangusha mtoto katika mtihani ni maana, na tungependa bibi wa Masaka na wenzake wakae hapa kuliko mahali pengine popote. Tazama hesabu hii: "Anna has 12 pencils. She has 5 more than Peter. How many pencils does Peter have?" Mtoto huona 12, huona 5, huona "more", naye alifundishwa kwamba "more" ni kuongeza. Huandika 17. Mwalimu hutia alama ya kosa, mzazi husema mtoto hajui hesabu. Sasa umwambie jambo hilohilo kwa Kinyarwanda au Kiswahili: Anna ana penseli 12, amemzidi Peter kwa penseli 5, Peter anazo ngapi? Atajibu 7 kabla hujamaliza. Hesabu aliijua. Alichokosa ni kuona kwamba "more than" inamtaja aliyezidi, na kwamba aulizwaye ni aliyezidiwa. Mzazi akipata karatasi ya mtihani yenye makosa, ajaribu hivyo kwa kila swali lililokosewa, yaani mtoto aelezwe swali kwa lugha ya nyumbani, na akijibu sawa iwekwe alama ndogo pembeni. Mwisho wa karatasi, hesabu zile alama. Ndipo utakapojua ni makosa mangapi ya hesabu na mangapi ya lugha, nawe utakuwa na jambo la maana la kumwambia mwalimu.

Katika sayansi mtego ni mwingine: maneno ya kawaida yavaayo maana mpya. Mtoto wa Kigali anamjua "agent". Ni yule anayekaa barabarani akiweka na kutoa pesa za simu. Kisha anakuta swali lisemalo "Name two agents of soil erosion." Atawatafuta wapi mawakala wa mmomonyoko wa ardhi? Kumbe ni maji na upepo. Au hili, ambalo ni la kuchekesha na la kuhuzunisha pamoja: "State three states of matter." Neno moja limekuja mara mbili kwa maana mbili. La kwanza ni amri, yaani taja. La pili ni hali. Jibu ni yabisi, kimiminika na gesi. Mtoto aliyefungua kamusi akaona kwamba "state" ni nchi aweza kuandika Rwanda, Uganda na Tanzania, na katika akili yake hajakosea kitu.

Na tukishataja amri, askari na polisi watusikilize, kwa kuwa hili ni lao. Kila swali la mtihani lina neno moja ambalo ni amri, nayo hutangulia mengine. "Name" na "list" hutaka majina tu, bila hadithi. "Explain" hutaka sababu. "Compare" hutaka vitu viwili viwekwe ubavu kwa ubavu. "Draw" ni chora, na "label" ni andika majina ya sehemu kwenye mchoro. "Work out" ni fanya hesabu. Askari aliyeambiwa simama akaanza kukimbia hawezi kujitetea kwamba alikimbia kwa ustadi. Vivyo hivyo mtoto aliyeambiwa "name" akaandika nusu ukurasa amepoteza wakati, na aliyeambiwa "explain" akaandika neno moja amepoteza alama. Amri hizo hazizidi kumi na tano. Zaweza kuandikwa kwenye kadi, upande mmoja Kiingereza na upande wa pili tendo lenyewe kwa Kinyarwanda, na baba aliye nyumbani kwa likizo anaweza kuzitoa kama gwaride: yeye anataja, mtoto anatenda. Hata baba asiyesoma Kiingereza atatazama upande wa pili.

Utauliza, kwa nini mzazi afanye haya na mwalimu yupo? Chukua darasa la watoto 50 na kipindi cha dakika 40. Hata mwalimu asiposema neno lolote, kila mtoto atapata sekunde 48 za kusoma kwa sauti. Mwezi Agosti 2022 Serikali iliongeza mishahara ya walimu wa shule za msingi kwa asilimia 88, nasi twashukuru, lakini nyongeza ya mshahara haiongezi dakika. Nyumbani dakika 20 kila jioni, siku tano, ni dakika 100 kwa juma, zote za mtoto mmoja.

Dakika hizo zipangwe hivi. Mtoto achague aya moja, si ukurasa. Aisome kimya kwanza. Kisha aisome kwa sauti, mama akisikiliza huku mikono yake ikichambua maharagwe. Mama asiyejua Kiingereza husikia hata hivyo mahali mtoto anapojikwaa, maana sauti husita. Hapo amwambie apige mstari kwa penseli. Baada ya kumaliza, maneno yaliyopigwa mstari yatafutwe katika kamusi, yasizidi matano, na mengine yangoje kesho. Ndipo asome mara ya tatu, afunge kitabu, asimulie kwa lugha ya nyumbani. Mama aulize maswali kama mtu anayetaka kujua kweli: kwa nini maji yalichemka, nani alikwenda sokoni, kisha ikawaje. Mwisho mtoto aandike sentensi tatu zake mwenyewe kwa Kiingereza kuhusu alichosoma, zenye makosa au zisizo na makosa. Asikemewe kwa kosa la tahajia katika daftari hilo. Mwalimu atayasahihisha ya kwake katika daftari la shule. Jioni ya uchovu, mtoto akisinzia, iachwe. Kukosa siku moja hakudhuru kama kugeuza kitabu kuwa adhabu.

Vitu vya kusoma visiwe tatizo. Ziko nyumba ambazo zingeuza ng'ombe kumpeleka mtoto shule ya kulipia kwa sababu lango lake lina maandishi ya Kiingereza, ilhali pakiti ya unga wa sabuni, kopo la maziwa ya mtoto mchanga, karatasi ya maelezo ya dawa na mbao za matangazo ya hospitali zote zimejaa Kiingereza cha bure. Mtoto apewe kazi ya kueleza kilichoandikwa kwenye pakiti ya dawa ya mbu: itumike vipi, isiguswe na nani. Akieleza sawa, amelitumikia jumba zima. Walio na nafasi wafike Maktaba ya Umma ya Kigali, kule Kacyiru, iliyofunguliwa mwaka 2012. Nauli ya kwenda na kurudi kutoka Masaka ni gharama, kwa hiyo heri safari moja kwa mwezi iliyopangwa kuliko ahadi ya kila juma isiyotimizwa.

Baba aliye ng'ambo naye ana zamu yake. Mtoto amwandikie kila juma barua ya Kiingereza ya mistari sita, ama apige picha ya daftari na kuituma kwa simu. Jambo la kumwandikia mtu halisi, ambaye kweli hajui kwamba mbuzi amezaa au kwamba bomba limepasuka, humfanya mtoto atafute maneno kwa hamu ambayo zoezi la kitabuni haliwezi kuileta. Baba ajibu kwa lugha aipendayo. Kama Kiingereza chake ni cha amri za kazi tu, ajibu kwa Kiswahili, bali aulize swali moja kuhusu alichosoma katika barua ile, ili mtoto aone kwamba imesomwa.

Siku ya kukutana na mwalimu, mzazi asiulize tu mtoto amekuwa wa ngapi. Aulize aya ipi itasomwa juma lijalo, ili isomwe nyumbani kabla, na maneno mapya ya sayansi ya muhula huu ni yapi. Mwalimu akiulizwa hivyo aghalabu hufurahi na kuyaandika. Ile karatasi ya hesabu yenye alama ndogo pembeni iende naye.

Kuhusu karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, ambazo wengi hupenda kumlundikia mtoto mapema, zingoje mpaka darasa la sita. Kwa sasa moja katika mwezi yatosha, nayo isitumiwe kupata alama. Mtoto azunguke na penseli, apige duara kila neno la amri, na aseme kwa Kinyarwanda anachoamriwa kutenda, bila kujibu hata swali moja.